Mama, Muda Wako Hauji Wenyewe

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nina watoto watatu na kazi ya kuajiriwa. Huo muda wa kujitunza wewe unautoa wapi?"

Mpenzi, muda haupatikani, unachukuliwa. Kazi za nyumbani haziishi hata siku moja. Ukingoja ziishe ndipo upumzike, utazeeka unangoja.

Mtoto wangu wa pili alipokuwa bado ananyonya, nilikuwa naoga mlango uko wazi, povu machoni, nimetega sikio nisikie kama analia. Chakula nilikula nimesimama, tena makombo ya watoto. Kichwa kiliniuma kila siku, nameza dawa, naendelea. Nilipokwenda kupimwa, presha ilikuwa juu. Siku ile ile nilimkalisha mume wangu, nikamwambia: kila Jumamosi, saa nne hadi saa saba mchana, watoto ni wako.

Alikubali. Kazi ikawa kwenye simu! Sijafika mbali, inaita. Nepi ziko wapi? Huyu anakula nini? Mbona halali? Nikamwambia kwa upole lakini bila kurudi nyuma: vitu viko pale pale vinapokaa siku zote, na kama hakuna anayeumwa, usinipigie. Dada zangu, hapa ndipo wengi tunakwama. Tunampa mtu mtoto lakini mawazo yote tunabaki nayo wenyewe, na huko si kupumzika. Kabidhi kazi nzima. Akimvalisha blauzi nyuma mbele, mwache. Leo baba yao ndiye anayejua kwamba mdogo halali mpaka akunwe mgongo. Hilo hakufundishwa na mtu.

Maneno nimesemwa. Ndugu mmoja wa upande wa mume alisema mbele ya wageni, "Mama gani anawakimbia wanawe?" Sikumjibu, na mpaka leo naumia nikikumbuka. Lakini presha imeshuka, nacheka na wanangu, na Jumamosi yangu siiombei radhi kwa mtu.

Sasa, muda huo uutumie kwa nini? Kwanza usingizi: mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kwa siku, na mama ni mtu mzima kama wengine. Kisha mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Na tafadhali, kliniki isiwe ya mtoto peke yake. Kama umefika miaka 30, nenda ukapimwe saratani ya mlango wa kizazi hata kama hujisikii vibaya, maana mabadiliko ya mwanzo hayaumi.

Kwa aliyejifungua karibuni: machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na hupita. Yakivuka wiki mbili, au ukianza kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, usijifungie ndani. Mwambie mtu leo, nenda hospitali. Huo ni ugonjwa, na unatibika.

Na wewe unayelea peke yako, sijakusahau. Tafuta mama mwenzako unayemwamini mpokezane: wiki hii watoto wote kwako, wiki ijayo wote kwake. Ila zamu yako ikifika, usiitumie kufua.