Mtandao ukikata, tafuta kwanza umekatikia wapi

Simu nyingi ninazopigiwa zinaanza vilevile: “Fundi, mtandao hakuna.” Ukiuliza hakuna vipi, jibu ni hakuna tu. Mara nyingi mtu keshazima ruta na kuiwasha, na kama ni jasiri keshachokonoa kile kitundu cha nyuma kwa pini. Kuzima na kuwasha si kosa. Kitundu kile kiogope: kinafuta mipangilio yote, pamoja na jina na nywila uliyopewa na kampuni ya intaneti. Sasa una matatizo mawili.

Mimi huanza karibu na kwenda nje. Kwenye Windows fungua cmd, dirisha la kuandika amri, andika ipconfig, tazama IPv4, yaani anwani ya kompyuta yako kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, kompyuta imeomba anwani, ikakosa wa kuipa, ikajitungia yake. Hapo usiisumbue kampuni. Angalia waya, swichi na ruta yako. Namba ikiwa ya kawaida, pingi (andika ping na namba yake uone kama inajibu) Default Gateway, yaani ruta, mara nyingi 192.168.1.1. Ikijibu, pingi 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Nayo ikijibu huku kurasa hazifunguki, intaneti ipo. Kilichokwama ni DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya DNS, kisha jaribu tena.

Kuna tatizo moja linalowachosha mafundi wengi. Ofisi moja, kompyuta za uhasibu zinafungua, za mapokezi hazifungui. Kesho yake kinyume. Kila mtu analaumu kampuni ya intaneti. Ipconfig ndiyo iliyosema kweli: waliopata mtandao walikuwa na gateway 192.168.1.1, waliokosa 192.168.0.1. Kumbe kulikuwa na ruta mbili zinazogawa anwani, na kila kompyuta ilichukua ya aliyewahi kuijibu. Nikapingi 192.168.0.1, nikaandika arp -a, nikapata namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, kisha nikaanza kuinama chini ya meza kutafuta kifaa chenye lebo hiyo. Kilikuwa nyuma ya printa: ruta ya nyumbani, mtu kaileta ili Wi-Fi imfikie vizuri, waya wa ofisi kauchomeka kwenye tundu la LAN, lile la kuunganishia kompyuta. Hatukuitupa. Tulizima DHCP yake, yaani ile kazi ya kugawa anwani, tukaipa anwani isiyogongana na nyingine, na kwenye kompyuta zilizopotea tukaandika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew, ili ziachie anwani ya zamani na kuomba mpya.

Waya nao una mambo yake. Kebo ya mtandao isizidi mita 100, na zile za bei chee zilizoandikwa CCA ni alumini iliyopakwa shaba, binafsi sifungi. Kama vifaa vyote ni vya gigabiti lakini kompyuta inaonyesha 100 Mbps, kata kichwa cha kebo ukifunge upya: gigabiti inataka nyaya zote nane, wakati 100 inatosheka na nne. Wi-Fi ya 2.4 GHz ikisuasua kwenye nyumba za kubanana, jaribu chaneli 1, 6 au 11.

Na kompyuta ya zamani inayokataa karibu kila tovuti kwa onyo la usalama? Tazama saa yake kabla ya yote. Betri ya bodi ikifa, tarehe inarudi miaka nyuma na vyeti vya tovuti vinaonekana batili.

Wakati mwingine kweli si kwako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwingineko, na hakuna ruta ambayo ingesaidia kuzimwa. Ukipiga huduma kwa wateja, usiseme “mtandao hakuna”. Sema ruta inajibu, 8.8.8.8 haijibu, tangu saa ngapi, na kama una faiba, iwapo taa ya LOS ni nyekundu. Taa hiyo ikiwaka, mwanga haufiki kwenye kifaa chako. Omba watume fundi wa laini.