Jibu: Wapi pa kunywa Lamu, na kurudi usiku?

Ndugu, umeuliza mkifikia mjini Lamu mtapata wapi bia, na mtarudije usiku. Mjini penyewe usitegemee: mji wa Waislamu huu, na burudani yake ni kahawa chungu, mishkaki na baraza pale Mkunguni, mbele ya ngome. (Msikose, hata kama ni walevi.) Baa inayojulikana ni ya hoteli ya Peponi, kijiji cha Shela, na si lazima ulale hapo.

Shela ni kama kilomita tatu, dakika 40 kwa miguu kando ya bahari. Kinachowaponza wageni ni maji. Siku za bamvua (maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu) hujaa mnamo saa kumi jioni na kupwa saa nne usiku: mkienda jioni mtalowa magoti, mkirudi mtapita pakavu. Siku za maji mafu (maji madogo, mwezi ukiwa nusu) mambo hugeuka, yanajaa huo usiku, ingawa si kwa kishindo.

Rahisi ni boti. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, chukua namba ya nahodha, na mpatane saa. Usiku mnene gatini hubaki wachache na bei hupanda. Bebeni tochi. Chupa isitembezwe vichochoroni.