Maji ya mvua hapa Goma: fua, osha, ila mtoto asinywe

SWALI: Jambo dada, mi niko Ndosho, niko na watoto wane, robine (bomba) ya kartie yetu inaweza kumaliza wiki haitoi hata tone so tunanunuaga maji kwa watu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, na kiangazi bei ya bidoni (dumu) inapanda tu. Sasa mvua zimerudi, bwana anataka tununue pipa tukinge maji ya mabati, jirani anasema hayo maji ni sumu juu ya volkano, mama mkwe anasema ameyanywa tangu utoto na yuko hai, na mi naona tukiyachemsha vizuri si inatosha? Nisaidie. (Mama wa Ndosho)

JIBU: Mama, pipa nunueni, tena msichelewe. Ila jirani hajakosea kabisa, na hapo kwenye kuchemsha ndo pa kuangalia sana.

Volkano yetu Nyiragongo ikitoa moshi, ndani yake kuna gesi zenye floridi na asidi, mvua ikipita mule inashuka nazo. Upepo mara nyingi unasukuma ule moshi kwenda magharibi, ndo maana watu wa kijiji cha Rusayo wanaumia kuliko wa mjini kati, na nyinyi wa Ndosho muko upande huo huo. Mabati ya kule yanaoza haraka juu ya asidi hiyo. Floridi kidogo haina shida, OMS (shirika la afya duniani) imeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, lakini mtoto akinywa iliyozidi miaka na miaka meno yanaota na madoa ya kahawia, na hata apige mswaki vipi hayatoki, juu yameingia wakati jino bado linajitengeneza ndani ya fizi. Ikizidi sana inafika kwenye mifupa. Watu wa Arusha kule Tanzania wanaijua shida hiyo, wao wanaipata kwenye maji ya ardhini. Mama mkwe yuko hai, tumshukuru Mungu, lakini floridi kazi yake ni kuharibu meno na mifupa, so uhai wake hautuambii kitu juu ya meno ya wajukuu.

Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floridi haitoki na mvuke, inabaki sufuriani, na kadiri maji yanavyopungua ndo inazidi kukolea. Klori nayo haiiondoi. Utakuwa umechoma makala (mkaa) bure, na miti ya makala mengi ya hapa inakatwa kwenye mbuga ya Virunga.

Sasa faida ya pipa iko wapi? Piga hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye meta 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Nyumba yenye bati la meta 30 za mraba, ikinyesha milimita 20, inakupa lita 600, toa zinazomwagika, bado ni kama bidoni 25 za lita 20! Hizo zifue nguo, zipige deki, zimwage choo, zinyweshe mboga za lengalenga, na yale ya mwisho ya kufulia yamwage tena chooni. Pesa ya chukudu ibaki kwa maji ya kunywa na kupika peke yake.

Mvua ikianza usikinge hapo hapo, acha bati lioshwe kwanza dakika kumi na tano hivi, utaona yale maji meusi ya majivu na vumbi yanatoka, yakishaanza kuwa meupe ndo usogeze pipa. Juu funga kitambaa, mbu wasitage mayai.

SWALI: Dada, kule ziwani wanatutilia klori kwenye bidoni na seringe (bomba la sindano), vijana wenzangu wanasema inaharibu uzazi. Ni kweli? (Mwanafunzi, Katindo)

JIBU: Si kweli, ndugu yangu. Kipimo kile ni kidogo sana, na bila hicho unajua kinachotungoja: Julai 1994 kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi hapa hapa, na mpaka leo hakijatuacha. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, uchafu wa vyoo unapita kwenye nyufa, kuchimba kisima ni taabu, so wengi tunarudi kwenye ziwa Kivu lile lile. Harufu ikikukera acha maji yapumue kwenye chombo safi kilichofunikwa kitambaa, ila baada ya klori subiri nusu saa ndo unywe. Halafu chungulia ndani ya bidoni yako: ukiona ute wa kijani pembeni, klori inaishia kupigana na huo ute. Tia changarawe na maji kidogo, tikisa kwa nguvu mpaka ute utoke, suuza, halafu ndo urudi ziwani.