Hiyo si dharau, mdogo wangu

Mdogo wangu, umesema kazi ya nne imekuponyoka ndani ya miaka 3, na ya mwisho, pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, bosi aliona una dharau kwa kuwa hukumtazama usoni. Nimeumia kusoma hilo. Wenye Asperger kama wewe, hali inayofanya mawasiliano na watu yawe magumu, na ambayo siku hizi madaktari wengi huihesabu ndani ya usonji (autism), wengi hupata shida kumtazama mtu machoni. Si kiburi.

Mwaloni kuna kelele mno: madalali, matoroli, kila mtu anaita mteja. Lakini magunia ya dagaa ulihesabu bila kukosea hata siku moja! Tafuta hesabu hiyohiyo penye utulivu, kama stoo au duka la vipuri. Siku ya kwanza mwambie bosi: "Maagizo mengi ya mdomo hunichanganya, naomba unitumie kwa meseji, nitayatimiza yote." Jina la hali yako litafuata baadaye. Salamu za asubuhi zifanye sehemu ya kazi. Huku kwetu asiyesalimia huhukumiwa haraka.

Nenda pia hospitali ya Bugando, kwa madaktari wa afya ya akili, uombe barua ya kuthibitisha hali yako. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Ukiipata barua hiyo, niandikie.