Nyari ya Marafa: si mto uliokauka

Umeuliza kama Nyari, lile bonde la makorongo la Marafa huko Kilifi, pwani ya Kenya, ni mto uliokauka. Si mto, ndugu. Bonde lile limechimbwa hasa na maji ya mvua, na hapakuhitajika mto mkubwa wa zamani ukauke. Mwamba wa pale ni mchanga ulioshikana kidogo. Mvua nzito huufumua haraka, na panapoanguka kipande ndipo maji yanaposhika njia mara ya pili.

Nimekulia huko, kwa hiyo nakuambia nilichokiona. Masika yakipita, shuka hadi mdomo wa kikorongo chochote. Maji yaliyobanwa hutawanyika pale, yakapunguza kasi na kutua mzigo: changarawe papo hapo, mchanga mbele kidogo, tope laini mbali kabisa. Umbo la rundo hilo ni kama kipepeo cha kupepea makaa, mpini umeelekea korongoni. Mvua ijayo maji huhamia upande ulioinama zaidi, ndiyo maana kipepeo hicho cha mchanga kinapanuka kotekote. Vile vikubwa vya Death Valley, bonde la jangwa kule Marekani, vimejengwa hivyo hivyo.

Ila bonde bado linakua, ukingo wa juu unamegeka. Baada ya mvua msisimame pembeni kupiga picha, tafadhalini.