Kumrudisha mama Dar kutoka Mumbai baada ya upasuaji wa goti

Pole na safari, dada. Nimekuelewa: mama ameruhusiwa kutoka hospitali, na unaogopa saa nyingi za ndege pamoja na kusubiri Addis Ababa.

Kabla ya kukata tiketi, mwombe daktari aliyempasua barua ya kuthibitisha kwamba anaweza kuruka. Baada ya upasuaji wa goti damu huganda kwa urahisi mguuni, na kukaa bila kujinyoosha huongeza hatari. Muulize kuhusu soksi za kubana na dawa ya kuzuia damu kuganda, usimnunulie mwenyewe. Ndani ya ndege achezeshe nyayo, anywe maji, asimame kila inapowezekana. Mimi humwombea mgonjwa kiti cha pembeni mwa njia, hata akilia dirisha.

Kiti cha magurudumu kiombe mapema, angalau saa 48 kabla. Dawa zote ziwe mkononi pamoja na cheti cha daktari. India imetangulia Dar kwa saa 2 na nusu, kwa hiyo hesabu muda kati ya dozi.

Addis mkisubiri zaidi ya saa 12, mkifika Dar mtadaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akibanwa kifua, hata wiki kadhaa baada ya kufika, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.