Nikienda kwa mshauri, viza yangu itaguswa?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nasoma shahada ya uzamili Marekani kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Tangu muhula uanze silali, chakula hakipiti, na machozi hunitoka darasani bila sababu. Rafiki yangu ananihimiza niende kitengo cha ushauri nasaha cha chuo. Naogopa mfadhili atajua na viza itaharibika. Halafu mambo ya moyoni nitayaelezaje kwa Kiingereza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na hofu hiyo ya viza naijua. Kumwona mshauri hakuvunji sharti lolote la F-1. Mnayozungumza ni siri, na mfadhili hapigiwi simu. Siri ina mipaka michache, mkubwa ukiwa pale maisha yako au ya mwingine yanapokuwa hatarini. Mwambie mshauri akueleze mipaka hiyo kabla hujafungua kinywa.

Kinachoharibu viza ni kufuta kozi kimyakimya. Mtu analemewa, usiku anaingia kwenye mfumo wa chuo, anafuta mbili, na kukicha ameshapungukiwa na mzigo wa kozi unaotakiwa. Usithubutu! Sheria inakuruhusu kupunguza kozi, hata kupumzika kabisa, kwa sababu ya ugonjwa, jumla isizidi miezi 12 katika ngazi moja ya shahada. Lakini lazima uwe na barua ya daktari au mwanasaikolojia wa tiba mwenye leseni, na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa iidhinishe kwanza.

Vyuo vingi huweka kikomo cha vikao. Siku ya kwanza uliza utapata vingapi, na vikiisha bima yako inamlipia nani nje ya chuo. Uliza pia kuhusu likizo: leseni za washauri hutolewa na kila jimbo, kwa hiyo ukivuka mpaka, au ukirudi nyumbani, wako anaweza kukatazwa kuendelea nawe hata kwa video.

Kiingereza kisikutishe. “Silali, sili, nalia”: hayo matatu yanatosha kuanzia, naye ndiye mwenye kazi ya kuuliza. Ukikwama, omba mkalimani wa kulipwa na chuo. Rafiki yako akusindikize hadi mlangoni tu. Ukimfanya mkalimani utaanza kuchagua maneno ya kumlinda yeye.

Wiki hiyohiyo pitia zahanati ya chuo wakupime damu. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kujifanya huzuni, na mshauri hana kipimo cha kuyaona.

Ukihisi unataka kujidhuru, usingoje miadi. Piga au tuma ujumbe 988, namba ya Marekani ya msaada kwa walio katika hali hiyo, saa yoyote, bila malipo. Kwa simu wana wakalimani. Wasomaji wangu mlioko Uingereza, yenu ni 116 123 ya Samaritans, shirika la kusikiliza wenye dhiki, nayo ni bure.